Je, Vipaza Sauti Vyetu Vitatamka Lolote Moto Ukizuka?

Alfajiri ya Aprili 12, 2015, wanafunzi waliolala katika mabweni ya bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi walizinduliwa na mlipuko. Chanzo chake kilikuwa hitilafu ya umeme. Lakini zilikuwa zimepita siku 10 tu tangu magaidi wawaue watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, na kila aliyezinduka aliupa mlipuko huo maana iliyokuwa karibu na hofu yake. Baadhi walijirusha kutoka orofani. Mwanafunzi mmoja alifariki na wenzake zaidi ya 100 wakajeruhiwa, ilhali hapakuwa na adui yeyote.

Kwa mtu wa taaluma ya isimu, mkasa huo una jambo ambalo wakaguzi wa majengo huenda wasilione upesi. Mlio ni ishara isiyo na sarufi. Humgutusha mtu, lakini haumwambii kilichotukia, mahali kilipotukia, wala upande wa kukimbilia. Kengele ya moto, king'ora na filimbi ya bawabu ni ndugu wa mlipuko ule kwa maana hii: vyote humwachia msikiaji kazi ya kujaza maana, na mwenye hofu hujaza kile anachokihofia. Wakati mwingine huwa kinyume, asijaze chochote. Ni nani kati yetu ambaye hajasikia king'ora kikilia katika jengo refu jijini, akainua kichwa, akawatazama wenzake, kisha akarejea kwenye karatasi zake?

Mwaka 1991 watafiti Guylène Proulx na Jonathan Sime walichapisha matokeo ya mazoezi matano waliyoyafanya katika kituo cha reli cha Monument, mjini Newcastle, Uingereza. Katika zoezi la kwanza kengele ililia peke yake. Dakika kumi zilipita na bado kulikuwa na abiria waliokuwa hawajaondoka. Katika zoezi la mwisho, msemaji aliyekuwa akiwaona abiria kupitia kamera aliwaambia kwa vipaza sauti kilichokuwa kikitendeka na njia ya kupita. Kituo kilikuwa kitupu kabla ya dakika sita kutimia. Ngazi zilikuwa zile zile na milango ile ile. Kilichoongezwa ni maneno.

Tangu hapo nchi nyingi zimeyawekea majengo yao makubwa mitambo ya kutoa maagizo kwa sauti ya binadamu wakati wa hatari, na hapa kwetu mitambo ya aina hiyo imo katika baadhi ya hoteli, hospitali na majumba ya biashara. Shule zetu nyingi nazo zina vipaza sauti vya gwaride la asubuhi na ibada. Kila baada ya mkasa kama ule wa Hillside Endarasha kule Nyeri, uliowaua wavulana 21 mnamo Septemba 2024, husikika rai kwamba kila bweni liwe na king'ora au kipaza sauti. Rai hiyo ni njema. Ila sijasikia mtu akiuliza swali linalofuata: kipaza sauti hicho kikishawashwa, maneno yatakayotoka humo yatafahamika?

Hapa inanibidi nisitishe kidogo kwa sababu ya msamiati. Neno letu "kipaza sauti" limebebeshwa mizigo mitatu. Twaliita kipaza sauti kile kidude tunachokisemea, twaliita kipaza sauti lile boksi linalotoa sauti ukutani, na lile sanduku la katikati linaloikuza sauti nalo mara nyingi tunalitia katika jina hilo hilo. Matokeo ni kwamba mwalimu mkuu anapoagiza fundi "arekebishe kipaza sauti", hakuna ajuaye ni kipi. Kwa makala haya nitasema maikrofoni, spika (naomba radhi kwa yule wa bunge) na amplifaya. Hoja yangu imo katika hii ya tatu, kwa kuwa ndiyo isiyoonekana. Hukaa kabatini, hufunikwa vumbi, na huaminiwa.

Kazi ya amplifaya ni nyepesi kueleza. Maikrofoni hutoa umeme hafifu mno. Amplifaya huuongezea nguvu hadi uweze kuzisukuma spika. Katika majengo, umeme huo husafirishwa kwa volti nyingi kiasi, aghalabu volti 100, ili usipotee katika nyaya ndefu, na kila spika huwa na kitransfoma chake cha kuupunguza na kuchota wati zake chache. Mpango huu una urahisi ambao pia ni mtego: spika huongezwa kama taa za arusi. Chukua amplifaya ya wati 120 iliyofungiwa spika 12 za wati 6 kila moja. Mzigo wake ni wati 72, na iko salama. Bweni jipya likijengwa, fundi huongeza spika 8. Maabara ikiongezwa, zinakuja 6 zaidi. Sasa spika ni 26 na mzigo ni wati 156. Asubuhi mtambo bado unaimba wimbo wa taifa, hivyo hakuna mwenye wasiwasi.

Kwa nini unaimba? Kwa sababu usemi wa binadamu ni mzigo wa vipindi. Sauti hupanda kwenye irabu, hushuka kwenye konsonanti, hunyamaza kati ya vifungu, na wastani wa nguvu zake huwa sehemu ndogo ya vilele vyake, mara nyingi chini ya moja kwa kumi. King'ora hakipumziki. Kikipitishwa katika amplifaya hiyo hiyo, huidai karibu nguvu zake zote mfululizo. Kifaa kilichostahimili hotuba za miaka kumi huweza kupata joto kupita kiasi na kujizima katika dakika chache za king'ora, yaani katika zile dakika pekee kilizonunuliwa kwa ajili yake.

Mitambo ya dharura iliyotengenezwa kwa kufuata kanuni hujihadhari na hayo. Huwa na amplifaya ya akiba inayoshika zamu yenyewe pale ya kwanza inapokufa. Spika za ukumbi mmoja hugawanywa katika nyaya mbili zinazopokezana, spika hii kwa waya huu na jirani yake kwa waya ule, ili waya mmoja ukiungua ukumbi usiwe bubu mzima. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 54-16, kilichotolewa mwaka 2008, hutaka mtambo ujichunguze na kutangaza hitilafu yake katika muda usiozidi sekunde 100. Kanuni ya Marekani, NFPA 72, hutaka betri ziweze kuuweka mtambo macho kwa saa 24 bila umeme, kisha zitoe sauti kwa dakika 15. Katika nchi ambayo umeme hupotea bila taarifa, na ambako mara nyingi moto wenyewe ndio huukata umeme, suala la betri si la pembeni. Hapo pia aina ya amplifaya ina uzito. Zile za mtindo wa zamani hupoteza sehemu kubwa ya umeme kama joto, ilhali zile mpya zinazofanya kazi kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi mno hupoteza kidogo, na betri ile ile hudumu zaidi.

Hadi hapa ni mambo ya wahandisi, nami nimeyapitia kama mgeni mwenye adabu. Sasa nirudi nyumbani kwangu.

Dhana iliyotawala hapa kwetu ni kwamba sauti isiposikika, dawa ni kuongeza nguvu. Hesabu hazikubali. Ukiongeza wati mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, nyongeza ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili isikike kana kwamba imerudufika, wati sharti ziwe takriban mara kumi. Hata ukizipata wati hizo, huenda usipate kitu, kwa kuwa katika ukumbi wenye sakafu ya saruji, kuta tupu na paa la mabati, adui mkuu ni mwangwi, na mwangwi hukua pamoja na sauti iliyouzaa. Tukisema silabi tano au sita kwa sekunde, nao mwangwi uchukue sekunde mbili kufifia, basi kila silabi hutamkwa juu ya mabaki ya silabi kadhaa zilizotangulia. Niliwahi kualikwa kuhutubu katika bwalo la chuo kimoja ambako mwenyeji aliniomba, kwa ukarimu mkubwa, niongeze sauti kila walipolalamika wa nyuma. Nilivyoongeza ndivyo walivyozidi kulalamika. Nilipoipunguza na kusema polepole, wakatulia.

Kuna jambo moja ambalo yafaa tulikiri kwa haki. Watu wengi hudhani kwamba amplifaya inapozidiwa na kuanza kukwaruza, kukwaruza kwenyewe ndiko kunakoua maneno. Mwanasaikolojia Mmarekani J.C.R. Licklider alionyesha katika miaka ya 1940 kwamba vilele vya usemi vikikatwa hata kwa ukatili, msikilizaji aliye mahali patulivu bado hufahamu sehemu kubwa ya maneno. Sikio la binadamu ni hodari wa kuunga vipande. Lakini sharti ni utulivu, na mahali penye moto hapana utulivu: pana mayowe, viti vinavyoanguka, king'ora na mwangwi. Humo kila kasoro huongezeka juu ya nyingine hadi sikio linashindwa.

Ufahamikaji huo hupimika. Waholanzi wawili, Houtgast na Steeneken, walibuni katika miaka ya 1970 kipimo kinachotumika hadi leo ulimwenguni, chenye alama kutoka 0 hadi 1. Mtambo wa dharura hutarajiwa kufikia takriban 0.5. Kipimo hicho hakiulizi sauti ni kubwa kiasi gani. Huuliza ni kiasi gani cha mipando na mishuko ya usemi kilichofika sikioni kingali na umbo lake, na huzipa uzito mkubwa sauti zenye masafa ya juu, zile nyembamba, kwa kuwa ndiko konsonanti nyingi hutofautiana. Irabu hubeba nguvu. Konsonanti hubeba habari. Amplifaya duni na spika duni huzipitisha irabu vizuri na kuzimeza s, f, th na sh.

Je, lugha zote huumia sawa? La hasha. Na hapa ndipo pananitia wasiwasi kama mwalimu wa Kiswahili. Mwingereza akitaka kukataza jambo, ana neno la kikanushi linalojitegemea. Aweza kulitenga, kulivuta, hata kulipigia kelele. Sisi ukanushaji wa amri zetu tumeuficha tumboni mwa kitenzi. Linganisha "mtoke nje" na "msitoke nje". Linganisha "mtumie lifti" na "msitumie lifti". Kinachotenganisha uhai na mauti katika jozi hizo ni silabi moja, "si". Silabi hiyo haipati mkazo kamwe katika maneno kama hayo, kwa kuwa shadda ya Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Huanza kwa s, ambayo nguvu zake ziko kwenye masafa ya juu yanayomezwa kwanza. Irabu yake ni i, mojawapo ya irabu zetu zenye nguvu kidogo. Si kama a inayojaza kinywa. Nayo hutanguliwa na m, ambayo huvuma puani na kutandaza mvumo wake juu ya kila kinachofuata. Ukiketi kubuni sauti ya kupotelea katika mtambo mbovu, ni vigumu uipate bora kuliko hii.

Basi mtu aliye kwenye orofa ya nane, katikati ya moshi na mayowe, huambiwa "msitumie lifti" na kusikia "...tumie lifti". Si kelele tupu aliyoisikia. Amesikia sentensi kamili, yenye sarufi safi na hata adabu. Huo ndio upotovu wa hatari zaidi, kwa sababu hautamfanya aulize tena.

Nimewahi kuwasikia wakitetea mitambo yao kwa hoja kwamba matangazo yao ni ya Kiingereza hata hivyo. Hilo halipunguzi tatizo, huliongeza. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Lakini achana na Katiba. Mpishi, bawabu, mfagizi na mtoto wa darasa la tatu hawana sababu ya kuokolewa kwa lugha ya pili au ya tatu wakati ile wanayoielewa ipo.

Suluhisho la kiisimu ni rahisi kuliko la kiufundi, na gharama yake ni karatasi na kalamu. Usikataze, elekeza. Badala ya "msitumie lifti", sema "Lifti zimefungwa. Shukeni kwa ngazi." Badala ya "msirudi mabwenini", sema "Nendeni uwanjani. Kaeni uwanjani." Acha "hali ya dharura", ambayo wengi hata huitamka kwa namna tofauti tofauti na ambayo haielezi kitu, ukatumia "moto". Neno hili lina m inayovuma na o mbili zilizojaa. Hupita hata katika amplifaya iliyochoka, na kila mtoto analijua. Sentensi iwe ya maneno matatu au manne, irudiwe, na baina ya sentensi pawe na kimya cha kuuruhusu mwangwi ufe.

Haya yote hayafai kitu pale ambapo msikiaji hajaamka. Mtafiti Dorothy Bruck wa Australia alionyesha mwaka 1999 kwamba watoto wengi hawaamshwi na mlio mwembamba wa kigunduzi cha moshi, na tafiti zake za baadaye zikaonyesha kwamba sauti ya binadamu na milio minene huwaamsha vizuri zaidi. Huko Marekani kanuni sasa hutaka mlio mnene wa takriban herzi 520 katika vyumba vya kulala, na nguvu isiyopungua desibeli 75 kwenye mto wa mlalaji. Desibeli hizo hupimwa kitandani, milango ikiwa imefungwa. Spika moja ya honi iliyotundikwa juu ya afisi ya mwalimu mkuu, ikielekea mlingoti wa bendera, haiwezi kuzifikisha huko, maana uwanjani kila umbali unaporudufika sauti hupungua desibeli 6.

Wala mtambo bora hauokoi pasipo mawazo. Tarehe 11 Septemba 2001, ndege ya kwanza iliugonga Mnara wa Kaskazini jijini New York saa 2:46 asubuhi. Kishindo chake kiliharibu mitambo ya matangazo, na agizo la kuhama halikuwafikia wengi waliokuwa juu. Mtambo wa mnara jirani, wa Kusini, ulikuwa mzima kabisa. Uliwafikishia watu sauti safi iliyowaambia kwamba jengo lao lilikuwa salama na kwamba warudi afisini mwao. Wapo waliokuwa wameshaanza kushuka wakageuka. Saa 3:02 likaja tangazo jingine kwamba wangeweza kuanza kuondoka kwa utaratibu iwapo hali ililazimu. Dakika moja baadaye ndege ya pili iligonga. Tume iliyochunguza mashambulizi hayo ilieleza hayo katika ripoti yake ya mwaka 2004. Kila ninapoisoma sehemu hiyo, lile tangazo la pili ndilo linalonishangaza: "iwapo hali italazimu" ni maneno ya mwanasheria, na aliyeyasikia ndiye aliyeachiwa kuamua hali imelazimu au la.

Na sauti gani itakayowafaa waliofungiwa? Katika shule ya Kyanguli, Machakos, walikufa wanafunzi 67 mwaka 2001 katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 uliagiza milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwekwe vyuma. Hilo lije kwanza, kabla ya amplifaya yoyote.

Likishatimizwa, kuna mambo ambayo mwalimu aweza kuyafanya muhula huu bila kumngoja mhandisi. Atoe daftari, ahesabu spika zote na wati zilizoandikwa kwa kila moja, ajumlishe, kisha alinganishe na wati zilizoandikwa mgongoni mwa amplifaya. Azime swichi kuu ya umeme, aone kama mtambo bado unasema. Halafu wanafunzi watawanywe bwalo zima, mabwenini na vyooni, kila mmoja na karatasi, huku mwenzao akisoma kwenye maikrofoni maneno 50 yaliyochaguliwa kwa jozi zinazokaribiana: fua na vua, paka na baka, saa na zaa, mtoke na msitoke, mtumie na msitumie. Bwalo liwe na kelele za kawaida za chakula cha mchana. Idara za Kiswahili za vyuo vyetu vikuu, yangu ikiwemo, zina uwezo wa kuandaa orodha hizo na kuzisambaza bila malipo. Karatasi zikusanywe na makosa yahesabiwe, lakini wale walioandika "mtoke" pale paliposomwa "msitoke" wahesabiwe kando, na mahali walipokuwa wamesimama patiwe alama ya chaki ukutani, ili fundi ajue pa kuanzia.